Mwili Mzito na Tiba ya Kichina

Kwa nini naamka nimechoka kuliko nilivyolala, na vipimo vinasema sina kitu? Swali hili huulizwa sana Kasuku, hapa Kindu: kwenye benchi la zahanati, sokoni, na ndani ya mtumbwi wa kuvuka Lualaba kwenda Alunguli. Anayeuliza haonyeshi mahali panapouma. Anamwambia muuguzi, "Docta, mwili iko muzito. Bamepima damu, hakuna kitu." Miguu anaiburuza. Kichwa kimejaa. Saa nne asubuhi macho yanataka kufumba, na akimaliza sahani ya bugali na sombe anasinzia palepale alipokaa.

Nyumbani majibu hayakosekani. Mkwe anasema ni uvivu. Jirani anasema ametupiwa kitu. Kaka mkubwa anamnunulia vitamini. Sura hii inaeleza jibu jingine, lenye umri wa miaka kama 2,000: jibu la tiba ya asili ya Kichina, yaani ule utaratibu wa kutibu kwa mimea, sindano nyembamba, moto na chakula uliokuzwa China kabla ya hospitali za leo.

Nimelichagua kwa sababu tiba hii inaupa uzito wa mwili heshima ya dalili kamili. Uzito una aina zake na maswali yake, na mgonjwa hatukanwi kwa kuuleta. Tena Wachina si wageni kwetu. Timu ya kwanza ya madaktari wao ilifika Zanzibar mwaka 1964, Tanzania Bara 1968, na nchini mwetu Kongo, enzi za Zaire, mwaka 1973, wakitokea jimbo la Hebei. Mwaka 1987 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kushirikiana na wataalamu wa tiba ya asili kutoka Beijing ili kujaribu mimea yao kwa wagonjwa wa UKIMWI. Na leo, kati ya Dar es Salaam na miji ya Kongo, ni nyumba ngapi hazina kile kikopo kidogo chekundu cha mafuta makali ya kupaka kipajini? Dawa zimetufikia. Maelezo yake hayajatufikia.

Kwanza tone la damu

Kabla ya kwenda China tumalize ya hapa. Kindu ni mji wa malaria, na mtu mzima aliyekwisha kuumwa mara nyingi anaweza kutembea na vimelea kwenye damu akihisi uzito tu, bila joto kali. Hakuna mganga wa Kichina mwenye akili timamu ambaye angependa umkalishe akusome ulimi wakati malaria inakula damu yako. Kwa hiyo uzito uliodumu zaidi ya wiki moja upimwe kwanza kwa haya:

- Malaria, hata kama mwili hauchemki.
- Upungufu wa damu, hasa kwa mjamzito, kwa mwanamke anayetokwa na hedhi nyingi, na kwa mtoto mwenye minyoo ya safura.
- Sukari, presha, moyo, ini, figo, na tezi ya shingoni inayoongoza kasi ya mwili.
- Kifua kikuu na VVU.
- Malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Hapa jimboni Maniema bado unajulikana. Anayesinzia mchana na kukesha usiku, au anayebadilika tabia, asiachwe nyumbani.

Uzito wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, mdomo ukapinda au maneno yakakwama, ni kiharusi mpaka ithibitike vinginevyo; hapo ni pikipiki na hospitali saa hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa uzito unaokuja na miguu iliyovimba na pumzi fupi.

Ukishapimwa na yote yakawa sawa, au ukatibiwa na uzito ukabaki, hapo maelezo ya Wachina yanaanza kuwa na kazi.

Unyevu

Waganga wa kale wa China walizigawa nguvu za hali ya hewa zinazoweza kumdhuru mtu katika makundi 6: upepo, baridi, joto la kiangazi, unyevu, ukavu na moto. Uzito waliuweka kwa unyevu. Kitabu chao cha msingi, Huangdi Neijing, kilichokusanywa kama miaka 2,000 iliyopita, kinaufuatilia unyevu kuanzia kichwani, ambapo mtu anahisi amefungwa kitambaa, hadi kwenye tumbo lililojaa na miguu iliyovimba.

Kwa nini unyevu? Waliutazama nje, kisha wakautafuta ndani ya mtu. Unyevu una uzito. Unashuka chini, ndiyo maana miguu hulalamika kuliko mikono. Unanata, ndiyo maana huja na makohozi mazito, mdomo wenye utando, mkojo usio angavu, na choo kinachoshika kwenye shimo. Na hauna haraka ya kuondoka: mafua ya upepo huisha kwa siku chache, uzito wa unyevu hukaa miezi.

Mtu wa Kindu ana la kusema hapa. Mji wetu uko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, msitu pande zote, mto mkubwa katikati, na kiangazi kifupi cha katikati ya mwaka. Wakati wa mvua kitenge kilichofuliwa Jumatatu bado kina ubaridi Jumatano. Ukuta wa matofali ya udongo unaota ukungu mweusi kwenye pembe, na aliyelala kwenye mkeka juu ya sakafu ya udongo anaamka mgongo ukiwa baridi. Mganga wa Kichina angeuliza hayo yote kabla hajagusa mkono wako: nyumba yako ikoje, unalala juu ya nini, unafanya kazi gani, unasimama kwenye maji saa ngapi kwa siku.

Je, maji ya ukutani huingia kwenye misuli? Hapana, daktari wa leo hatayaona humo hata akitafuta. Lakini kuna njia nyingine zinazoeleweka vizuri. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka. Hewa ikishajaa mvuke jasho halikauki, linatiririka tu, joto linabaki ndani, na moyo unalazimika kusukuma damu nyingi zaidi kuelekea kwenye ngozi. Mtu anachoka bila kubeba kitu. Ukungu wa ukutani nao huchochea pumu na kuziba pua, na aliyeziba pua halali vizuri. Wachina wa kale hawakuwa na maelezo haya ya jasho na moyo, ila uhusiano wa hewa nzito na mwili mzito waliuona, na waliuona sawasawa.

Wengu wa Wachina

Hapa wasomaji wengi hupotea, kwa hiyo twende polepole. Unyevu, wanasema, haungekaa mwilini kama ndani kusingekuwa na kazi iliyolala. Kazi hiyo waliipa wengu.

Kila mama wa Maniema anaujua wengu, au bandama, kwa sababu ya malaria: ni ule uvimbe mgumu upande wa kushoto wa tumbo la mtoto. Wengu wa hospitali huchuja damu na kusaidia kinga ya mwili. Wengu wa vitabu vya Kichina ni jina la kazi nzima ya kugeuza chakula na maji kuwa nguvu na kuisambaza nguvu hiyo. Daktari wa kisasa angeigawa kazi hiyo kwa utumbo, kongosho na misuli. Kwa hiyo mganga wa Kichina akikuambia wengu wako ni dhaifu, usikimbilie kupiga picha ya tumbo.

Wenyewe hueleza kwa sufuria: tumbo ni sufuria, wengu ni moto ulio chini yake. Moto ukiwa mzuri, chakula kinaiva na mvuke unapanda kuwa nguvu. Moto ukifa, maji yanabaki maji. Yanatuama, yanashuka, na mtu anakuwa mzito hasa baada ya kula.

Vinavyoua moto huo, kwa hesabu yao, ni vyakula baridi na vibichi kwa wingi, sukari, mafuta mengi, kula usiku sana, kula bila saa maalumu, kazi inayopita nguvu, na mawazo. Sukari sina ubishi nayo: anayefungua asubuhi kwa soda na mandazi hupandisha sukari ya damu haraka, kisha inashuka naye analegea. Lakini kwenye mafuta nasimama kidogo. Nimewasikia wanaosoma vijitabu vya Kichina wakiwakataza wajawazito mawese. Waliotunga kanuni zile waliwafikiria matajiri waliokula nyama na mafuta kila siku. Mawese mekundu ya kwetu yana vitamini A ambayo macho ya mtoto wa Maniema yanaihitaji, na kijiko kimoja kwenye sombe hakijawahi kumlemea mtu.

Sarafu 5,000 kiunoni

Karibu mwaka 200 daktari aitwaye Zhang Zhongjing aliandika kuhusu magonjwa aliyoyaona, na maandiko yake yamehifadhiwa katika vitabu viwili vinavyotumika hadi leo. Ndani ya kimoja, Jingui Yaolue, kuna mgonjwa ambaye nadhani wengi wa Kasuku watamtambua.

Kiuno chake ni baridi hata anahisi amekaa majini. Chini ya kiuno ana uzito kama aliyejifunga sarafu 5,000. (Sarafu za China wakati huo zilikuwa na tundu katikati na zilitungwa kwenye kamba, hivyo watu waliujua uzito wake kiunoni.) Hana kiu, anakula kama kawaida, anakojoa vizuri. Daktari anataja na chanzo: mtu huyu alifanya kazi ngumu akatoka jasho, nguo ya ndani ikalowa na kupoa juu ya mwili, na hali hiyo ikajirudia kwa muda mrefu.

Msome tena ukimfikiria mama anayelowesha mihogo kijitoni. Amesimama maji yakiwa magotini, ameinama nusu siku. Akimaliza anajitwika kikapu mgongoni, kamba ikipita kwenye kipaji cha uso, na kitenge kilicholowa kinamganda kiunoni mpaka nyumbani. Au mfikirie kijana anayesukuma baiskeli yenye bidoni za mawese kutoka vijijini, analoa jasho mlimani, analoa mvua bondeni, analala na shati lilelile. Hawa hawana ugonjwa wa damu. Wana kiuno kinachowalemea kila jioni, na wameshazoea kuambiwa ni umri.

Zhang alimpa mgonjwa wake vitu 4 tu: tangawizi kavu, mzizi mtamu wa gancao, mzizi wa baizhu, na fuling, uyoga unaoota kwenye mizizi ya msonobari. Nia ilikuwa kupasha joto sehemu ya kati ya mwili na kukausha. Daktari wa leo angesema misuli ya kiuno imekaza kwa kuinama na kubeba, na angekubali kwamba joto linailegeza. Kwenye ushauri mmoja wangekubaliana kabisa: weka kitenge cha pili kikavu kwenye kikapu, uvae kabla ya kuanza safari ya kurudi.

Uzito uliotokana na njaa

Karne 10 baadaye kisa kingine kiliibadilisha tiba yao. Mwaka 1232 jeshi la Wamongolia liliuzingira mji wa Kaifeng. Mzingiro ulipolegea watu walianza kuugua na kufa kwa wingi. Madaktari waliona homa na uchovu, wakadhani ni baridi iliyotoka nje, wakatoa dawa kali za kutoa jasho na kuharisha. Wagonjwa wakazidi kufa. Daktari mmoja aliyekuwepo, Li Dongyuan (1180–1251), alisema kosa liko kwenye kusoma chanzo. Watu hawa walikuwa wamekaa na njaa, hofu na kazi ya kupita kiasi, kisha wakala ghafla. Kilichovunjika kilikuwa ndani. Mwaka 1249 alikamilisha kitabu kizima juu ya wengu na tumbo, na dawa yake maarufu, Buzhong Yiqi Tang, huinua nguvu kabla ya kufukuza chochote.

Sihitaji kueleza sana kwa nini kisa hiki kinanigusa. Kindu ilishikwa na waasi wa RCD Oktoba 1998, na katika miaka iliyofuata mpaka 2003 kulikuwa na vipindi ambavyo kwenda shambani kulikuwa kucheza na roho. Treni ya kutoka kusini haikufika. Waliokuwa watoto wakati ule leo ni wazazi, na kati yao wapo waliokua wakila mlo mmoja. Uzito wa mtu aliyeishiwa hauondoki kwa dawa ya kuharisha "uchafu", na bado hizo ndizo zinazouzwa kwa sauti kubwa zaidi sokoni. Li Dongyuan angezikataa.

Kwa kifupi, mpaka hapa uzito una sura tatu ambazo mgonjwa anaweza kuzitofautisha mwenyewe:

- Unaozidi siku za mvua, kwenye nyumba yenye maji au baada ya kulowa, kichwa kikiwa kimejaa: huo wanauita unyevu wa nje.
- Unaozidi baada ya kula, tumbo likijaa gesi na choo kikiwa laini: wengu uliolemewa.
- Unaozidi baada ya kazi, ukija na sauti ndogo, jasho jepesi na pumzi fupi, na ukipungua mtu akipumzika: nguvu zilizokwisha.

Mawazo

Katika tiba ya Kichina kila kiungo kikuu kina hisia inayokidhuru, na ya wengu ni kuwaza bila kupumzika. Kwetu mtu akiulizwa anaumwa nini anaweza kujibu, "Ni mawazo," na kila mtu benchini anaelewa: karo ya watoto, mume aliyekwenda machimboni na hapigi simu, msiba uliopita bila matanga.

Mwaka 1980 daktari wa akili wa Marekani, Arthur Kleinman, alifanya utafiti Hunan, China, kwa wagonjwa 100 walioambiwa wana udhaifu wa mishipa ya fahamu. Wengi walilalamikia mwili: kichwa, uchovu, kukosa usingizi. Alipowahoji kwa makini, 87 walikuwa na sonona, yaani huzuni nzito ya kiugonjwa. Wengi walikuwa wamebeba machungu ya miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni, 1966 hadi 1976, ambayo haikuwa salama kuyataja. Mwili uliyasema.

Faida ya maelezo ya Kichina ni kwamba yanampa mtu kama huyo mlango wa kuingilia bila aibu. Anakuja na miguu mizito, anaulizwa usingizi, anaulizwa chakula, na mwishowe anaulizwa nini kinazunguka kichwani. Hatari yake ni kubaki mlangoni: kunywa chai ya wengu mwaka mzima huku sonona haijatajwa. Ukiona mwenzako hafurahii hata alichokipenda kwa wiki mbili mfululizo, au anasema afadhali kufa, hapo hahitaji tangawizi. Anahitaji mtu wa kukaa naye leo na mhudumu wa afya kesho asubuhi.

Anavyochunguza, anavyotibu

Mganga huweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, kulia na kushoto, na kusikiliza mapigo. Kisha anatazama ulimi. Hili la ulimi unaweza kulijaribu mbele ya kioo alfajiri, kabla ya chai. Kingo zikiwa na alama za meno, ulimi umevimba, wanasema, na wengu ni dhaifu. Utando mweupe mzito ni unyevu na baridi. Wa manjano ni unyevu na joto. Angalizo moja: utando mweupe unaotoka ukiusugua na kuacha wekundu unaouma ni fangasi, na fangasi mdomoni mwa mtu mzima ni sababu ya kwenda kupima.

Tiba huanzia jikoni. Mchina aliyelemewa hupewa uji mwepesi wa wali uliopikwa muda mrefu, vipande vya tangawizi, na ganda la chenza lililokaushwa. Huongezewa punje za yiyiren, nafaka ya jamii ya nyasi yenye mbegu ngumu kama shanga, zikichemshwa na maharage madogo mekundu. Maniema ni nchi ya mpunga, kwa hiyo uji wa wali haumshindi mtu: kikombe kimoja cha mchele, vikombe 8 hadi 10 vya maji, moto mdogo, mpaka punje zipasuke. Uji huu hauna maajabu. Ni chakula kinachokaa tumboni kwa aliyepoteza hamu, nao unashinda soda.

Baada ya chakula kuna sindano, tiba ambayo wengi huiita akupancha. Kwa uzito wa mwili mahali panapochomwa sana ni Zusanli: vidole vinne chini ya goti, upana wa kidole kimoja nje ya mfupa wa ugoko. Hapa Kasuku huna haja ya kutafuta sindano. Bonyeza hapo kwa kidole gumba dakika mbili tatu kila mguu, jioni, mpaka usikie maumivu yanayotambaa. Sehemu nyingine, Sanyinjiao, juu ya kifundo cha ndani cha mguu, kwa mjamzito haiguswi kabisa. Tafiti zinaonyesha sindano husaidia kiasi kwenye maumivu ya muda mrefu na kichefuchefu. Kwa uzito wa mwili peke yake ushahidi ni mdogo, na anayekuahidi kupona kwa uhakika anakuuzia matumaini.

Kuumika, au hijama kama wanavyoiita ndugu zetu Waislamu, Wachina nao wanayo. Mara nyingi hutumia vikombe bila kuchanja, kwenye mgongo. Wapo wanaoondoka wakihisi wepesi kwa siku moja mbili. Akichanja, wembe uwe mpya na ufunguliwe mbele yako, kwa ajili ya VVU na homa ya ini.

Mmea uliofika Maniema

Tiba ya moto hutumia majani makavu ya ai, mmea wa jamii ya artemisia. Huviringishwa kama sigara nene, huwashwa, na kusogezwa karibu na ngozi mpaka ipate joto. Ndugu wa mmea huo, qinghao, tunamfahamu zaidi. Katika karne ya 4 Ge Hong aliandika namna ya kukamua qinghao iliyoloweshwa kwenye maji ili kutibu homa zinazokuja na kuondoka. Mwaka 1971 mtafiti Tu Youyou, akiwa amesoma maelezo hayo, aliacha kuichemsha na kuikamua kwa njia isiyo na moto mkali. Dawa aliyoitoa iliua vimelea vya malaria kwa panya. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Kutoka hapo zilipatikana dawa mseto za malaria, na tangu 2005 Kongo imetumia artesuneti pamoja na amodiakwini. Vidonge unavyopewa zahanati vina babu yao China.

Mwaka huohuo wa 2015 chai ya artemisia ilijaribiwa kwa wagonjwa wa malaria hapa Maniema. Makala ya utafiti ilichapishwa 2019 na kusambaa sana. Baadaye jarida lenyewe liliiondoa. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo kwa malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa kwenye majani hubadilika toka shamba hadi shamba, na dozi ndogo huwafundisha vimelea kuvumilia dawa. Najua wengi mmeipanda nyuma ya nyumba. Tafadhali, kwa mtoto mwenye homa, msiitegemee.

Dawa ya unyevu iliyoharibu figo

Kati ya dawa za Kichina za kutoa unyevu na maji mwilini kuna mzizi uitwao fangji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kliniki moja ya kupunguza unene mjini Brussels, Ubelgiji, iliuweka kwenye vidonge vya wateja wake. Kulikuwa na mizizi miwili yenye jina linalokaribiana, na badala ya ule uliokusudiwa ukaja mwingine, wa jamii ya aristolokia. Wanawake zaidi ya 100 waliharibikiwa figo. Wengi walihitaji mashine ya kusafisha damu au figo mpya, na miaka iliyofuata baadhi yao walipata saratani ya njia ya mkojo. Madaktari walioligundua jambo hilo walilitangaza mwaka 1993. China ilifuta matumizi ya dawa tatu za jamii hiyo mwaka 2003 na 2004.

Hapa Kindu hakuna mashine ya kumwokoa kila aliyepoteza figo. Kwa hiyo mimi ni mkali kwenye jambo hili kuliko kwenye jingine lolote la sura hii. Chupa isiyoandikwa majina ya mimea iliyomo, usiinywe. Muuzaji akisema ni "mimea tupu, haina madhara", muulize jina la kila mmea, na asipolijua muache na bidhaa yake. Fuzi, mzizi wa kupasha figo joto, ni sumu ya moyo usipotengenezwa sawasawa. Hata gancao ile tamu, ikinywewa kila siku kwa wiki nyingi, hupandisha presha. Mjamzito, mtoto, na anayetumia dawa za presha, sukari au VVU asianze yoyote bila kumwambia anayemtibu.

Na kama umeshakunywa kitu cha aina hiyo kwa wiki kadhaa, kisha uso unavimba asubuhi, mkojo unapungua au uzito unazidi badala ya kupungua, acha leo. Chukua kopo lenyewe hata kama ni tupu, pamoja na karatasi yake, upeleke hospitali, na uombe mambo mawili kwa majina: kipimo cha mkojo na kipimo cha kreatinini, yaani uchafu ambao figo nzima hulazimika kuutoa kwenye damu.